Tangi Lililotoa Povu

Waliosema kwamba mficha uchi hazai hawakuwa wakiwashauri watu watembee uchi barabarani. Hata mkunga huomba mlango ufungwe kwanza. Walichotaka kusema ni kwamba mtu mwenye shida akiifunika kwa kanga saba, mwenye dawa hupita mlangoni pake, dawa mkononi, akaenda zake. Yule mwenye shida hubaki ndani, amejifunika vizuri, na anaumwa. Kondo wa Vihingo aliijua methali hii tangu utotoni. Aliitumia sana, ila kwa kuwasema watu wengine.

Ilikuwa zamani zile za vijiji vya ujamaa, miaka ambayo sabuni ilikuwa haba kuliko mvua ya kiangazi. Kijijini Vihingo, upande wa Kisarawe, wanakijiji walikuwa wameiezeka shule yao bati jipya kwa nguvu zao wenyewe. Mvua ikinyesha, maji yaliporomoka kwenye bati lile kama yanayofukuzwa, yakachimba mchanga, yakakimbilia bondeni. Kesho yake wanawake waliyafuata huko huko bondeni, madebe kichwani. Basi wilaya ikaleta ahadi: kijiji kitoe mtu mmoja aende chuo cha wananchi kule Kibaha akajifunze kuchomelea vyuma. Mtihani wake wa mwisho utakuwa kutengeneza tangi la maji. Likishika maji, tangi ni mali ya kijiji. Lisiposhika, litabaki chuoni likatwekatwe vipande vya mazoezi.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbaraka, akasimama na kusafisha koo.

"Ndugu zangu, kazi ya moto inataka macho. Nani ana macho hapa?"

"Kondo!" watu waliitikia kwa pamoja, wake kwa waume.

Hawakukosea, maana Kondo alikuwa na macho ya mwewe. Akisimama juu ya kilima aliweza kumwona nguruwe mwitu ng'ambo ya bonde, akakwambia kama ni dume au jike, na kama ameshiba muhogo wa nani. Lakini kulikuwa na jambo ambalo kijiji hakikulijua. Macho yale yale yaliyomwona nguruwe ng'ambo ya bonde hayakuweza tena kumwona chawa kwenye shati lake mwenyewe. Kitu kikiwa mbali, alikiona kimesimama wima. Kikisogea karibu, kiliyeyuka kama samli juani. Katika darasa la elimu ya watu wazima alikaa nyuma kabisa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Ubaoni alisoma bila kugugumiza, lakini akipewa kitabu mkononi, kikohozi kilimbana ghafla.

Na hakuficha kwa kiburi kitupu. Mjomba wake alianza hivyo hivyo. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, kisha njia ya kisimani ikampotea, mwishowe akawa anaongozwa kwa fimbo kama mbuzi wa sadaka. Kondo aliona kwamba akilitamka jambo hilo, atakuwa amelifungulia mlango. Akanyamaza. Wanakijiji wakamchinjia majogoo wawili, wakampikia pilau, na mkewe Mwanaamina akamfungia nguo zake katika furushi. Alipopanda basi pale Kisarawe, Mzee Mbaraka alimshika mkono dirishani.

"Macho yetu ni wewe, Bwana Kondo."

"Msiwe na wasiwasi, Mzee," alijibu Kondo, huku jasho likimtiririka mgongoni.

Kule Kibaha alipokewa na Mwalimu Athanas, mtu mrefu mpole, mwenye sauti ya kuimba besi kanisani. Karakana yake ilinuka chuma kilichoungua. Mwalimu aliwafundisha wanafunzi kukata bati, kulisugua kwa tupa, kisha kuunganisha vipande kwa kijiti cha kuchomelea, uso ukiwa nyuma ya kinyago chenye kioo cheusi.

"Kijiti kikae karibu na chuma, karibu kabisa," alisema. "Mwanga unaoruka kati yao ukiwa mfupi utausikia unakaanga kama dagaa kwenye mafuta. Hapo chuma kinashikana na chuma. Ukiwa mrefu, unatema cheche tu, na ndani mnabaki matundu. Fuata kile kiziwa cha chuma kinachoyeyuka. Usikipoteze machoni."

Wenzake, wengi wao vijana wenye umri wa mwanawe, walikiona kiziwa hicho. Kondo akiinama karibu aliona mwangaza mmoja tu uliovurugika, kama mwezi uliozama kwenye uji. Akirudi nyuma, aliona kidogo. Kwa hiyo akarudi nyuma. Alichomelea mkono ukiwa umenyooka, kiuno kimevutwa nyuma, shingo imekaza, utadhani anamlisha mamba.

"Sogea, Bwana Kondo! Chuma hakiumi!" Mwalimu alimwambia.

"Nauheshimu moto, Mwalimu."

"Uheshimu kwa karibu!"

Akisogea, mshono ulipinda kama njia ya mlevi. Akirudi nyuma, mshono ulijaa matundu kama kitumbua. Visababu havikumwishia. Jumatatu umeme ulikuwa mdogo. Jumanne vijiti vilikuwa vimeloa. Siku nyingine upepo ulivuma kutoka Soga kwa makusudi mabaya. Mwalimu Athanas alimsikiliza kwa subira. Laiti angeambiwa ukweli! Lakini daktari hatibu kikohozi ambacho mgonjwa anakiita kuimba.

Mtu mmoja tu pale chuoni hakudanganyika, naye ni Efrazia, mpishi. Efrazia alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ambazo hata mke hana. Atakupokonya kofia kichwani, atakusimanga msibani mbele ya wakwe zako, atakalia mzigo wako mpaka umkomboe, na ukikasirika utachekwa wewe. Efrazia alipogundua kwamba kwenye kundi lile kuna Mzaramo mtu mzima, alifurahi kama aliyeokota mkufu.

"We Mzaramo, mbona sahani unaisukuma mbali? Maharage yangu yananuka?"

"Naangalia kama yamefungwa vizuri. Nyie Wanyamwezi mmezaliwa na mizigo kichwani."

"Na nyie mmezaliwa na ngoma kiunoni. Ndiyo maana shambani mnafika jua likizama!"

Chumba kizima kilicheka. Efrazia naye alicheka, lakini jicho lake halikucheka. Alimwona Kondo akisoma tangazo lililobandikwa ng'ambo ya uwanja bila kukunja uso, kisha akatafuna jiwe lililokuwa wazi juu ya kijiko chake, kwa sauti ya kuvunja kokoto. Akamwona akila maharage yenye wadudu ambayo vijana waliyatenga pembeni, tena akila kwa shukrani. Efrazia alijisemea kwamba mtu hawi mvumilivu kiasi hicho. Hata hivyo akanyamaza, maana utani una mpaka wake: unaruhusiwa kumvua mtu kofia, si nguo.

Miezi ikapita, mtihani ukakaribia. Mwanaamina akamtumia mumewe salamu kwa msafiri, pamoja na nusu mche wa sabuni. Ungemwona mwanamke yule alivyoipata! Alipanga foleni kwenye duka la ushirika mpaka kivuli chake kikamchoka. Mwenyewe alikuwa akifua kwa majani ya mpapai, lakini hakutaka mume wake aonekane mchafu mbele ya watu wa Kibaha. "Mwambie Baba Swaumu afue mashati," alimwagiza msafiri. "Asije akatuaibisha."

Tangi la Kondo lilikuwa limekwisha, limesimama nyuma ya karakana, refu kumzidi yeye. Alasiri moja wenzake wote walikwenda uwanjani kutazama mpira. Kondo akalijaza maji peke yake ili ajue hatima yake. Kisha akasimama kwa mbali, na kwa mbali macho yake hayakumficha kitu. Tangi lilikuwa linalia. Maji yalimetameta kwenye mishono, chozi hapa, chozi pale, kama mama wa bibi harusi.

Kondo aliketi chini. Aliwaona wanawake wa kijijini kwake wakipanda kutoka bondeni na madebe. Akamwona mjomba wake na fimbo yake. Angeweza kunyanyuka wakati ule ule akamwambia Mwalimu Athanas, "Nisaidie, sioni." Ni neno dogo, mtoto mchanga angelisema. Badala yake aliyamwaga maji, akaifuata ile sabuni bwenini, akaikanda na majivu, akawa anapapasa mishono kwa ncha ya kidole kama kipofu anayesoma ukuta. Kila alipogusa tundu, alilishindilia sabuni. Juu akapaka rangi. Jua lilipoikausha, tangi lilipendeza kuliko yote. Mashati akayafunga tena na jasho lake.

Siku ya mtihani wageni walikuja kutoka vijijini. Kutoka Vihingo alikuja Mzee Mbaraka na kanzu yake nyeupe, na Mwanaamina na kanga mpya aliyoazima. Matangi yalijazwa maji asubuhi, watu wakakaa kivulini kungoja adhuhuri.

"Lile la bluu ni letu?" Mzee Mbaraka aliuliza.

"Ndilo, Mzee," alisema Kondo.

"Mashaallah! Si niliwaambia? Kazi ya moto inataka macho."

Jua lilipanda. Tangi la kijana mmoja lilidondosha tone moja, akaambiwa alirekebishe, basi. La Kondo lilikuwa kavu kama mdomo wa mwenye saumu. Mwalimu Athanas alianza kutabasamu. Ndipo kwenye mshono wa chini kikatokea kitu cheupe. Kikavimba, kikapasuka, kikatokea kingine. Mara mshono wa pili nao ukajibu. Rangi ikabanduka, na povu likashuka taratibu kwenye ubavu wa tangi, jeupe, zuri, lenye mapovu ya rangi zote za upinde wa mvua.

Kisha Efrazia, aliyekuwa akipita na sufuria, akasimama.

"Jamani, njooni muone! Tangi la Mzaramo linafua lenyewe!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Vijana walishikana mabega wasianguke. Mzee Mbaraka alitazama chini, akaanza kukunjua na kukunja mkono wa kanzu yake. Mwanaamina hakucheka. Alilisogelea tangi, akachota povu kwa kidole, akanusa.

"Baba Swaumu," alisema polepole. "Hii si sabuni yangu?"

Kondo alipangusa jasho kwa mkono wa shati lake chafu.

"Mimi nafua kwa majani ya mpapai, ngozi ya mikono inanitoka. Wewe unaliogesha tangi?"

Hapo Efrazia aliacha kucheka, na wengine wakaacha mmoja mmoja. Mwalimu Athanas alikuja, uso wake umekunjamana kwa huzuni zaidi kuliko hasira.

"Bwana Kondo, tangi likivuja ni kosa la mkono, na mkono hufundishwa. Lakini hili lingewanywesha watoto sabuni. Huu ni udanganyifu. Kwa nini?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi, tena mpana. Kondo alimtazama Mwalimu, akamtazama mwenyekiti wake. Afadhali niitwe mwongo kuliko kipofu, aliwaza, maana mwongo bado anatembea bila kuongozwa.

"Shetani tu, Mwalimu," alisema.

"Basi kafunge mizigo yako. Na tangi litabaki hapa."

Mzee Mbaraka alifumba macho. Kondo alikwenda bwenini, akatoka na furushi begani, akashika njia inayopita mlangoni pa jikoni. Alipofika hapo, furushi lilimruka begani. Efrazia alikuwa ameshalinyakua, ameliweka chini, na amelikalia kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mdogo.

"Mtani haondoki bila kujikomboa," alisema.

"Mnyamwezi, leo si siku ya utani."

"Utani haujui siku. Hata ukifa nitakuja kukusimanga kaburini. Chambua ungo huu wa maharage. Ukimaliza, chukua mzigo wako uende."

Mwanaamina na Mzee Mbaraka walikuwa wamemfuata nyuma, na Mwalimu Athanas alikuja kuwaomba radhi wageni. Wote wakasimama. Mila ni mila. Hakuna aliyeweza kuingilia. Kondo aliketi kwenye kigoda, akaupokea ungo, na kwa mazoea akausukuma kwa miguu mpaka ukafika mbali. Mikono haikuufikia. Akauvuta. Akapapasa. Akatoa kitu, akakitupa. Kilikuwa harage zuri jekundu. Akatoa kingine, nacho harage. Jiwe kubwa kama jino la ng'ombe lilikuwa katikati ya ungo, likimtazama. Akalipita.

Mwanaamina aliweka mkono mdomoni.

"Anatupa maharage," alinong'ona, "anaacha mawe."

Efrazia alisema, safari hii bila sauti ya mzaha, "Mtani, mimi nimekufikisha mlangoni. Kuingia siwezi kuingia kwa niaba yako. Sema mwenyewe."

Kondo alikaa na harage kiganjani. Akamsikia mkewe akivuta pumzi nyuma yake, na ndipo alipojua kwamba yeye mwenyewe amechoka. Kuficha kunachosha kuliko kuchomelea.

"Sioni," alisema. "Mwalimu, cha mbali nakiona. Cha karibu sikioni. Kile kiziwa cha chuma sijakiona hata siku moja. Nakuwa kama mjomba. Nilijua mkijua mtanirudisha, na wanawake wa kijijini watakosa maji. Basi."

Aliinama, akingoja kicheko. Hakikuja. Alisikia tu viatu vya Mwalimu Athanas vikisogea, na mkono wake ukipekua mfukoni.

"Una umri gani, Bwana Kondo?"

"Nilizaliwa mwaka wa nzige wengi."

"Hata mimi. Vaa hii."

Ilikuwa miwani ya kusomea. Kondo aliivaa kama anayevaa pingu, akatazama ungo. Harage likasimama wima. Likawa na mkunjo, likawa na doa, na pembeni yake mdudu mweusi akanyanyua mguu.

"Ee!" Kondo aliruka, kigoda kikaanguka. "Hawa wadudu wamo humu siku zote?"

"Wengine hawamo tena," alisema Efrazia. "Umewala tangu ulipokuja."

Sasa kicheko kilikuja, lakini kilikuwa cha namna nyingine, na Kondo naye alikuwa ndani yake. Aligeuka, akamtazama mkewe usoni kwa karibu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Mama Swaumu! Una mvi!"

"Nimekuwa nazo tangu mavuno ya mwaka juzi," alijibu Mwanaamina. "Nilidhani unaninyamazia kwa adabu."

Mwalimu Athanas hakuwa mtu wa kufuta kosa kwa sababu limechekesha. Kondo hakurudishwa nyumbani, lakini cheti nacho hakupewa. Alibaki arudie mtihani na kundi jipya lililofuata, na tangi lake halikukatwa vipande. Mhudumu wa hospitali alimtazama, akamwambia kwamba huo si upofu wa mjomba. Ni umri tu, nao humjia kila anayejaliwa kuishi. Miwani haikupatikana madukani, ila parokiani kulikuwa na sanduku la miwani kuukuu iliyotoka ng'ambo. Kondo alijaribu moja baada ya nyingine. Iliyomfaa ilikuwa moja tu: ya kike, nyekundu, yenye pembe mbili zilizochongoka juu kama masikio ya paka.

Kwanza alifurahi kwamba kinyago kitaificha. Kisha akagundua kwamba fundi hukinyanyua kinyago kila mara ili akague mshono wake, na kila alipokinyanyua, karakana nzima ilisema, "Shikamoo, bibi!" Siku za mwanzo alikawia kukinyanyua. Baadaye alianza kuitikia, "Marahaba, wajukuu," akaendelea na kazi. Aliikata mishono yake mibaya yote, akaisugua kwa tupa, akaichomelea upya. Aliinama karibu, kijiti kikikaanga kama dagaa, na kiziwa kile cha chuma kikatembea mbele yake, chekundu, kitiifu, kikienda anakokipeleka. Tangi lilipojazwa, alikataa kusimama mbali. Aliukagua kila mshono, pua ikikaribia kuugusa. Lilikuwa kavu mpaka jioni, na mpaka kesho yake.

Vihingo walilipokea kwa vigelegele. Mvua za vuli zilipoanza, maji ya bati la shule yalishuka kwenye mfereji, yakaingia tangini yakivuma kama ngoma iliyokazwa kwa moto. Wanawake walilizunguka tangi wakipapasa mishono yake. Walipochoka kupapasa tangi, wakaitazama ile miwani yenye masikio ya paka, wakaangua kicheko. Kondo akaivua, akaipangusa kwa ncha ya shati safi, akaivaa tena.

Watu walipotawanyika, Mzee Mbaraka alibaki nyuma. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Bwana Kondo, hebu hicho kitu."

Aliivaa miwani, akatoa msahafu mdogo kwenye mfuko wa kanzu, akaufungua. Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Wallahi," alisema, "kumbe kurasa mbili hizi nilikuwa nazisoma kwa kumbukumbu, tena nikizichanganya."

Kabla giza halijaingia, palikuwa na wazee wengine mlangoni kwa Kondo, kila mmoja amepita tu kusalimia, na kila mmoja ana uzi na sindano mfukoni. Mwanaamina aliwatandikia mkeka. Kule shuleni maji ya kijiji kizima yalitulia ndani ya tangi, bila tone kuanguka, maji yaliyozaliwa siku ile mtu mzima alipoketi kwenye kigoda jikoni akasema, "Sioni." Waliosema hawakukosea: mficha uchi hazai.